Ua la Madoa Meupe na Bibi wa Jirani



Juma hili mazungumzo yetu ya nyumbani ni juu ya ua. Najua wengine mtasema: "Mahindi yanatutosha kwa kazi, ua la nini tena?" Ngojeni kidogo. Someni mpaka mwisho, maana ndani ya jambo hili dogo mna mtoto mchanga na mna bibi kizee, na wote wawili wamo hatarini.

Mama mmoja wa Inyonga, katika Wilaya ya Mlele, ametuandikia barua ndefu. Naifupisha hivi. Binti yake afanya kazi Mpanda mjini. Wakati wa Noeli alikuja kuwasalimu wazazi, akamletea mama yake ua ndani ya kopo. Si ua la kunukia wala la kuzaa. Uzuri wake wote ni majani. Majani yenyewe ni mapana kupita kiganja cha mtu mzima, rangi yake kijani, na katikati yana madoa meupe, kama kwamba mtu ameyanyunyizia maziwa. Mama alifurahi mno. Akaliweka sebuleni, kwenye kona, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, akawa analinywesha maji kila asubuhi na kila jioni pasipo kukosa.

Baada ya miezi michache, majani ya chini yakageuka manjano, yakaanguka. Majani mapya yaliyochipua yakawa madogo, tena karibu yote ni kijani kitupu. Shina likainama upande wa mlango. Hapo ndipo maneno yakaanza. Shemeji mmoja akakumbuka ya kwamba bibi kizee wa nyumba ya pili, alipokuja kuwaamkia siku ya sikukuu, alilishika jani lile akasema, "Lo, zuri kweli!" Tangu hapo bibi yule hakaribishwi tena. Watoto wamekatazwa kupita uani kwake.

Naye mama auliza maswali mawili. La kwanza: "Nifanye nini ua langu lipone?" La pili: "Je, ni kweli jicho la mtu laweza kufuta madoa ya jani?" Na mwishoni kabisa, kama jambo lisilo na uzito, ameongeza kwamba mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu ameanza kuchuma majani ya ua hilo na kuyapeleka kinywani.

Mama mpenzi, naanza na hilo la mwisho, maana ndilo la haraka kuliko yote. Kama gazeti hili limekufikia asubuhi, ua hilo lihamishwe kabla ya chakula cha mchana.

Ua ulilolieleza wataalamu huliita difenbakia. Jina hilo lilitolewa na mtaalamu Heinrich Schott mwaka 1829, kwa heshima ya Joseph Dieffenbach, aliyekuwa msimamizi wa bustani za Kaisari huko Vienna, nchi ya Austria. Asili yake ni misitu ya joto na mvua ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Ni jamaa ya magimbi. Ninyi mliowahi kula gimbi lisiloiva vizuri mwajua jinsi linavyowasha koo. Sababu ni moja. Ndani ya majani na shina la difenbakia mna vijisindano vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vya chumvi iitwayo oksaleti ya kalsiamu. Mtu akitafuna, vijisindano hivyo huchoma midomo, ulimi na koo. Waingereza wamelipa jina lenye maana ya "muwa wa bubu", kwa kuwa aliyelitafuna ulimi wake huweza kufura hata asiweze kusema. Gimbi likipikwa likaiva hufaa kuliwa. Bali difenbakia haliliwi kwa njia yo yote, wala la kuchemsha wala la kukaanga.

Mtoto akilitafuna, fanya hivi. Mfungue kinywa, utoe vipande vyote kwa kidole ulichokifunga kitambaa safi chenye maji. Mpe maji baridi au maziwa, anywe kidogo kidogo. Usimtapishe, maana kitu kilichochoma koo kikishuka kitachoma tena kikipanda. Mnawishe mikono, asije akajisugua macho. Na kama utomvu umekwisha kuingia machoni, yaoshe kwa maji safi mengi kwa muda wa robo saa. Kisha mpeleke zahanati au kituo cha afya, uchukue na jani moja ili walione. Ukiona ulimi unafura, mate yanamchuruzika, hawezi kumeza, au anahema kwa shida, usingoje hata kidogo: ondoka naye saa ile ile, kwa pikipiki, kwa gari, kwa cho chote kilichopo.

Sisemi haya kuwatia hofu. Mara nyingi mtoto akionja tu, uchungu humfanya ateme, na maumivu hupoa. Lakini koo la mtoto ni jembamba, likifura njia ya hewa huziba upesi kuliko kwa mtu mzima. Basi ua hili mahali pake ni juu, kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani, mbali na kiti au sanduku ambalo mtoto aweza kulikwea. Majani yaliyoanguka yaokote siku ile ile, uyafukie. Usiyatupe uani penye mbuzi na mbwa, maana nao hudhurika. Kama nyumbani mna mtoto wa kutambaa na hamna mahali pa juu, afadhali ua likae kwa jirani asiye na watoto wadogo mpaka mwenenu akue.

Haya, sasa tuyatazame madoa.

Kila jani ni jiko. Ile rangi ya kijani ndiyo mpishi: huchukua nuru ya jua, hewa na maji, ikapika chakula cha mmea mzima. Mahali palipo na doa jeupe, mpishi huyo hayupo. Panapendeza kwa macho, lakini hapapiki kitu.

Ninyi watu wa Inyonga asali yenu yajulikana mbali, nanyi mnaujua mzinga kuliko mimi. Mwajua ya kuwa ndani ya mzinga mna nyuki dume. Hao hawaendi mauani, wala hawajengi masega. Hulishwa na nyuki watenda kazi. Wakati wa neema madume huachwa wakae. Bali njaa ikiingia, watenda kazi huwatoa nje ya mlango, kwa kuwa mzinga hauwezi kulisha midomo isiyoleta kitu. Madoa meupe ya jani lako ndiyo nyuki dume. Nuru ikiwa nyingi, mmea una chakula cha kutosha, nao huweza kubeba weupe mwingi. Ukiuweka gizani, majani mapya hutoka na kijani kingi na weupe kidogo, maana kila kipande cha jani hutakiwa kupika. Basi mama, hakuna mtu aliyeyafuta madoa yako. Ua lenyewe lilikuwa na njaa ya nuru, likawaondoa madume.

Huenda ukasema, "Lakini sebule yangu si giza, mimi naona vizuri." Naam, waona wewe, kwa kuwa jicho la mtu huzoea giza baada ya muda kidogo. Jani halizoei. Nyumba zetu nyingi madirisha yake ni madogo, ili joto na vumbi visiingie, na mwizi asipate njia. Kona iliyo mbali na dirisha hupata nuru ndogo sana. Na taa ya sola ya usiku haisaidii kitu. Nuru yake yatutosha sisi kulia chakula, si mmea kupikia chakula chake.

Nakupa kipimo kisicho na gharama. Saa sita ya mchana, siku isiyo na mawingu, keti pale ua lilipo, usome gazeti hili bila kuwasha taa na bila kukaza macho. Ukiweza kusoma herufi ndogo ukurasa mzima, nuru yatosha. Usipoweza, sogeza ua karibu na dirisha, ujaribu tena.

Lakini usilitoe gizani ukalianike juani siku hiyo hiyo. Huko kwao hukaa chini ya miti mirefu. Halikuumbwa kwa jua kali la mchana. Jua likilipiga, doa jeupe ndilo huungua kwanza, likawa la rangi ya kahawia kama karatasi iliyobabuka. Dirisha au mlango unaotazama mashariki ndio mwema, kwa kuwa jua la asubuhi ni pole. Kumbuka pia ya kwamba kwetu jua huhama: katikati ya mwaka, mwezi wa Juni, hupita upande wa kaskazini wa nyumba, na mwezi wa Desemba hupita upande wa kusini. Dirisha lililokuwa kivulini wakati wa Noeli laweza kupigwa na jua wakati wa kuvuna. Na kila Dominika kabla ya kwenda Misa, geuza kopo robo ya mzunguko, ili shina lisiinamie upande mmoja.

Sasa maji. Hapa, mama, nakuambia kwa upole: umelidhuru kwa wema. Mizizi nayo huvuta hewa. Udongo ukijaa maji asubuhi na jioni, hewa haina nafasi. Mizizi huoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunywa. Ndiyo sababu majani ya chini yaligeuka manjano. Mtu huyaona yamelegea, akadhani ni kiu, akaongeza maji tena, kumbe anazidi kulizamisha.

Kabla ya kunywesha, tia kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na ubichi, acha. Kikitoka kikavu, mwagia maji mpaka yatoke chini ya kopo, kisha usirudie mpaka kidole kikauke tena. Wakati wa mvua, tangu Novemba hata Aprili, huenda mara moja kwa juma ikatosha, au hata chini ya hapo. Wakati wa kiangazi hewa yetu hukausha, nawe utalazimika kunywesha zaidi. Lakini ule usiku wa baridi wa Juni na Julai mmea hulala, haunywi sana. Fuata kidole, usifuate kalenda.

Nami najua ya kuwa mwezi wa Septemba na Oktoba maji huko ni ya kutafutwa, na ndoo kichwani ni nzito. Basi usilinyweshe ua maji ya kunywa watoto. Maji uliyooshea mchele au mboga yalifaa sana, mradi yasiwe na chumvi wala sabuni. Na chini ya kopo ukiweka sahani, imwage kila mara. Maji yaliyotuama ndani ya nyumba ni kitanda cha mbu, na malaria hatuihitaji kwa ajili ya urembo.

Kwa kuwa ua lako limekwisha kudhurika, litoe ndani ya kopo uitazame mizizi yake. Funga mikono kwa mifuko ya plastiki, maana utomvu huwasha ngozi. Mizizi mizima ni migumu, yenye rangi nyeupe au ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na hunuka. Hiyo ikate yote kwa kisu kikali, kisha kisu ukioshe vizuri kwa sabuni kabla ya kurudi jikoni. Tafuta kopo lenye kulingana na mizizi iliyobaki, si kubwa mno, kwa maana udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji. La rangi lililosafishwa lafaa, au sufuria iliyokwisha kutoboka. Toboa matundu matano au sita chini yake kwa msumari. Changanya vipimo viwili vya udongo mweusi wa porini, ule ulio chini ya miti penye majani yaliyooza, kipimo kimoja cha mchanga wa mtoni, na kipimo kimoja cha samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huchoma mizizi. Panda, mwagia maji mara moja, kisha liache likae kivulini lakini penye mwanga.

Kama utaona shina lenyewe limeoza chini, usilie. Kata sehemu ya juu iliyo nzima, uiache siku moja ikauke jeraha, kisha uipande katika udongo mbichi usio na maji mengi. Itatoa mizizi. Chagua sehemu yenye majani ya madoa, maana chipukizi ya kijani kitupu yaweza kukuzalia kijani kitupu.

Jambo la tatu ni moshi na vumbi. Nyumba zetu nyingi twapika kwa kuni. Masizi na vumbi la kiangazi hukaa juu ya jani kama pazia, na nuru kidogo iliyopo haipiti. Kila Jumamosi, unapotayarisha nguo za Misa, chukua kitambaa chenye maji uyapanguse majani taratibu, juu na chini. Ukiona chini ya jani utando mwembamba na vijidudu vidogo kama vumbi jekundu, huo ni utitiri, adui wa wakati wa ukavu. Ukiona wadudu weupe kama pamba kwenye maungo ya majani, nao wabaya. Wote wafute kwa maji yenye povu jepesi la sabuni ya mche, kisha usuuze kwa maji matupu. Rudia baada ya siku nne au tano. Na hapa nawasihi ninyi mnaolima tumbaku au pamba: dawa ya shambani isiingie nyumbani kamwe, hata tone, kwa ajili ya ua. Mtoto alalaye ndani ya chumba kile ataivuta usiku kucha.

Sasa nakuja kwa bibi wa jirani.

Nimetaja moshi. Moshi ule ule uliofunika majani yako ndio uliowafanya wazee wetu wa kike wawe na macho mekundu. Mwanamke aliyeinama juu ya mafiga miaka hamsini, akipuliza kuni mbichi, macho yake yatakuwaje? Nasi twajua, tena kwa aibu, ya kuwa huku kwetu magharibi ya Tanzania macho mekundu yamewaponza wazee wengi. Wametengwa, wamefukuzwa, wengine wameuawa, wala hawakuwa na kosa ila uzee na moshi. Mara nyingi jambo halianzi na panga. Huanza na neno dogo lililosemwa jikoni, juu ya kuku aliyekufa, juu ya ng'ombe asiyetoa maziwa, juu ya ua lililopoteza madoa.

Shemeji yako simlaumu kupita kiasi. Mtu asiyejua sababu hutafuta mtu. Lakini wewe sasa sababu umeijua: kona yenye giza, maji mengi, na masizi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoletwa na bibi. Na lile neno lake, "Lo, zuri kweli," lilikuwa ni adabu ya mgeni. Je, tungependa wageni wetu waingie ndani wakiwa kimya kwa kuogopa kusifu?

Amri ya nane ya Mungu yakataza kumsingizia jirani. Nayo haisemi ya kwamba kumsingizia kimya kimya, kwa kuwakataza watoto kupita kwake, ni halali. Na serikali nayo ina neno. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ingaliko hata leo, haimwadhibu tu ajifanyaye mchawi. Hata anayemtuhumu mwenzake uchawi ovyo huhesabiwa kuwa na kosa.

Kwa hiyo mama, nakuomba jambo moja. Usingoje ua lipone ndipo umwendee bibi. Majani ya zamani yaliyotoka bila madoa hayatapata madoa tena. Utangoja majani mapya, na hayo yatachukua majuma mengi. Bibi ni mzee. Kila siku inayopita akiwa peke yake uani pake ni siku ambayo hutaweza kumrudishia. Bwana wetu ametufundisha ya kuwa mwenye neno na ndugu yake aende kwanza akapatane naye, ndipo aje na sadaka yake altareni. Nenda leo, kabla ya Dominika. Nenda na wale watoto, wamshike mkono na kumwamkia mbele ya macho ya majirani wote, maana neno lililosambaa kijijini halifutwi kwa kunong'ona. Na shemeji yako afuatane nawe, akubali mwenyewe ya kuwa alikosea.

Ukitaka kwenda na zawadi, nitakuambia desturi moja nzuri ya ndugu zetu Wachaga wa Kilimanjaro. Wana mmea uitwao isale, wa jamii ya drasena. Huupanda mipakani mwa mashamba, na mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba msamaha. Na kwa desturi yao aliyeletewa jani hilo si rahisi kulikataa. Hivyo si ajabu kwa Mwafrika kupatana kwa jani.

Ya kumpelekea bibi nisingechagua difenbakia, kwa kuwa watoto wako watakuwa wakicheza kwake tena, nami natumaini hivyo. Tafuta ule mmea unaosimama wima kama panga, wenye majani manene, na kingo za manjano. Wengine huuita mkonge mwitu. Wataalamu waliuita sansevieria, na siku hizi wameuingiza katika jamii ile ile ya drasena. Huu ni wa Afrika yetu wenyewe. Ule wenye kingo za manjano ulitoka Kongo, ukapewa jina la Emile Laurent, mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, aliyefariki mwaka 1904 akiwa safarini kurudi kwao. Hustahimili kona yenye mwanga hafifu, huvumilia kiangazi, na hukaa majuma mawili au matatu bila maji. Nao si chakula: ukitafunwa huweza kuleta kichefuchefu na kuharisha, basi uwekwe mbali na watoto wachanga, lakini madhara yake kwa kawaida ni madogo kuliko ya difenbakia.

Ila ujue siri yake moja. Ukikata jani lake ukalipanda, litaota, lakini mche utakaotoka utakuwa wa kijani kitupu, bila kingo za manjano. Ukitaka kingo zibaki, gawanya shina la chini ya udongo pamoja na mizizi yake, umpe mwenzako kichipukizi kizima. Nasema mapema, ili mwakani nisiletewe barua nyingine ya kuuliza ni nani aliyeiba manjano ya bibi!

Basi, mama wa Inyonga, kazi zako ni hizi. Leo hii, ua lipandishwe juu mtoto asilifikie. Leo hii pia, mwende kwa bibi. Kesho, mizizi itazamwe na udongo ubadilishwe. Kisha dirisha, kidole, na kitambaa cha Jumamosi. Jani jipya likifunguka na madoa yake, mwite bibi aje alione, alishike kwa mkono wake, na aseme tena kwa sauti ya kusikika kwamba ni zuri. Kisha anawe mikono, mnywe naye chai.

Nanyi wasomaji wengine, itazameni kona ya nyumba yenu. Kama mna ua la namna hii, jaribuni kulisomea gazeti hili saa sita ya mchana. Na kama nyumbani mwenu kuna jambo lililoharibika na jina la mtu limetajwa, itazameni mizizi kwanza.

Mungu awabariki nyumbani mwenu, wakubwa kwa wadogo.

Ndimi mshauri wenu wa nyumbani.